Bei ya Fedha na Deni la Serikali

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ilitutaka tuseme maneno machache juu ya jambo lililozua ubishi mkubwa katika mkutano uliopita. Mtakumbuka ya kuwa lilitolewa shauri kwamba fedha za mfuko wetu wa mazishi na wa masomo ziondolewe katika benki, ambako zimelala bila ya kuzaa kitu cha haja, zikopeshwe Serikali kwa kununua hati za Hazina. Baadhi yetu walilikubali shauri hilo kwa makofi. Wengine walisema kwamba Serikali yenyewe imezama katika madeni, na mtu hamkopeshi anayezama. Na wazee wetu kadha wa kadha walinyamaza kimya; nasi twajua kimya chao kilikuwa na maana, kwani neno riba si neno jepesi katika mji huu. Shauri likaahirishwa mpaka leo, ili kwanza ielezwe: riba hupangwa na nani? Na deni la Serikali ni kitu gani hasa?

Hatukusomea uchumi. Sisi ni makarani, na kazi yetu ni kuandika na kujumlisha. Lakini kwa kadiri tulivyosoma na kuuliza, tumeona kuwa jambo hili laweza kueleweka na kila mtu aliyepata kuuza au kununua katika Marikiti. Kwa hiyo tutaanzia pale pale.

Bei haiandikwi ukutani

Soko letu, lililojengwa mwaka 1914, lina watu wa kila namna: wauza viungo, wauza nazi, wauza ndizi na machungwa. Bei ya nazi pale haiandikwi ukutani na mtu yeyote. Mizigo ikija kwa wingi, bei hushuka; mvua zikiharibu njia, bei hupanda. Na iko siku ambapo mnunuzi mmoja mkubwa huja alfajiri, akitafuta nazi za karamu, naye hununua bila ya kubishana sana. Sisi tufikapo saa mbili na vikapu vyetu, twakuta nazi zilizobaki ni chache na bei yake si ile ya jana. Bwana yule hakutuibia, lakini kuja kwake kumetupandishia bei.

Fedha nayo ina bei yake, na bei ya kuitumia fedha ya mwenzako ndiyo riba. Mwenye fedha akikopesha hutazama mambo manne. La kwanza ni muda, kwa kuwa fedha yake itakuwa mbali naye na hawezi kuitumia. La pili ni kupungua kwa thamani, kwani shilingi 1,000 itakayorudi mwakani huenda isinunue mchele ule ule. La tatu ni hatari: je, huyu akopaye atalipa? La nne ni wingi wa watu wanaotaka kukopa, ukilinganishwa na fedha iliyopo. Yote manne yakijumlishwa pamoja na gharama na faida ya mkopeshaji, hiyo ndiyo riba.

Kazi ya Benki Kuu

Wako wanaodhani kwamba riba hupangwa na Benki Kuu peke yake. Jambo hili lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Hapo zamani hatukuwa na Benki Kuu. Tangu mwaka 1919 fedha za nchi zetu zilitolewa na Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa London, na shilingi yetu ilifungamanishwa na pauni ya Kiingereza. Bodi ile haikuwa na uwezo wa kupandisha au kushusha riba kwa kuyatazama mahitaji ya watu wa huku. Benki Kuu ya Kenya ilianza kazi mwaka 1966.

Siku hizi Benki Kuu ina Kamati ya Sera ya Fedha, ambayo kwa kawaida hukutana kila baada ya miezi miwili na kutangaza kiwango chake cha riba. Kiwango hicho ni kama mwongozo: kikipanda, benki hupata fedha kwa bei ya juu nazo huwatoza wakopaji zaidi, kikishuka, hutarajiwa kupunguza. Shabaha ya Kamati ni kuzuia bei za vitu zisipande ovyo. Mfumuko wa bei watakiwa uwe karibu na 5 kwa mia, usizidi 7.5 wala usipungue 2.5. Mwezi wa Februari 2024, shilingi ilipokuwa imedhoofika sana, kiwango kilipandishwa mpaka 13 kwa mia. Kuanzia Agosti 2024 kikashushwa hatua kwa hatua, na Agosti 2025 kilikuwa 9.50.

Lakini wazee wetu wa bahari watatuelewa tukisema hivi: nahodha hushika usukani, lakini pepo si zake. Kiwango cha Benki Kuu chaweza kushuka na riba ya benki za biashara ikakawia kushuka, ikiwa kuna mnunuzi mkubwa aliyefika sokoni alfajiri.

Mnunuzi mkubwa

Mnunuzi huyo ni Serikali. Kila mwaka Serikali hupanga matumizi makubwa kuliko kodi itakayokusanya, na pengo linalobaki huzibwa kwa kukopa. Ikitaka fedha ya muda mfupi, huuza hati za Hazina za siku 91, siku 182 na siku 364. Ikitaka fedha ya miaka mingi, huuza hatifungani. Benki Kuu huiendeshea mnada. Wakopeshaji wakubwa, yaani benki, mifuko ya pensheni na makampuni ya bima, huandika riba waitakayo. Maombi hupangwa kuanzia ya riba ya chini, yakakubaliwa mpaka fedha itakiwayo itimie, ama mpaka ionekane kuwa riba iombwayo imezidi. Wakopeshaji wadogo hawaandiki riba, bali huridhika na wastani wa mnada.

Hati ya Hazina haiandikiwi riba juu yake. Huuzwa kwa bei iliyopunguzwa. Chukueni hati ya shilingi 100,000 ya siku 364: ikiwa riba ni 10 kwa mia, mnunuzi hutoa leo shilingi 90,930 hivi, na siku ya mwisho hupokea 100,000, isipokuwa kodi itakayokatwa. Tofauti ile ndiyo malipo yake.

Sasa tazameni jinsi jambo hili linavyotufikia sisi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Serikali ilikuwa ikikopa kwa hati za Hazina kwa riba iliyopita 16 kwa mia, na Februari mwaka huo hatifungani ya miundombinu ilitoa 18.46 kwa mia, bila ya kukatwa kodi. Jiwekeni katika kiti cha meneja wa benki. Mbele yenu wamesimama watu wawili. Mmoja ni Serikali, yenye uwezo wa kutoza kodi nchi nzima. Wa pili ni muuza viungo wa Marikiti, ambaye moto au ugonjwa waweza kumfilisi. Ikiwa wa kwanza atoa 16 kwa mia, wa pili ataombwa ngapi? Hapana budi ataombwa zaidi, ama ataambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo haifiki.

Sheria ya mwaka 2016

Mtu aweza kuuliza: mbona Bunge lisitunge sheria tu ya kukataza riba kubwa? Ndugu zetu, jambo hilo lilijaribiwa. Mwezi wa Agosti 2016 ilitiwa sahihi sheria iliyosema kwamba benki haziwezi kutoza zaidi ya kiwango cha Benki Kuu na kuongeza 4. Kiwango kilipokuwa 10 kwa mia, mwisho ulikuwa 14. Watu wengi walifurahi, nasi tulikuwa miongoni mwao.

Lakini benki zilipoona haziwezi kumtoza muuza viungo bei inayolingana na hatari yake, zilipendelea kuikopesha Serikali. Waliokuwa na kazi za mishahara mizuri walipata mikopo kwa bei nafuu, na wenye biashara ndogo wengi walirudishwa mlangoni. Mwezi wa Novemba 2019 kikomo hicho kiliondolewa.

Yupo mwanachama wetu mmoja, mwenye meza yake Marikiti, ambaye mwaka 2018 alinyimwa mkopo katika benki aliyoweka fedha zake miaka mingi. Akakopa shilingi 20,000 kwa simu ili anunue iliki na mdalasini kabla ya Ramadhani. Alitozwa shilingi 1,500 kwa siku 30, naye akaona si nyingi. Alipokuja ofisini kwetu tulichukua kalamu tukamwonyesha: 1,500 mara 12 ni 18,000. Yaani kwa hesabu ya mwaka mzima alikuwa akilipa 90 kwa mia. Sheria ilisema 14. Yeye alilipa 90, kwa sababu mlango wa 14 ulifungwa mbele yake. Tangu siku ile tumejifunza kuwa kushusha bei kwa amri, huku mnunuzi mkubwa yuko pale pale sokoni, kwaweza kumwacha mdogo bila ya kitu.

Deni si jambo jipya

Sasa tuje kwenye deni lenyewe. Msidhani kuwa deni la nchi lilizaliwa juzi. Kisiwa chetu cha Mombasa kiliwahi kuingizwa katika hesabu ya namna hii tangu mwaka 1895. Mwaka huo Serikali ya Kiingereza iliichukua nchi kutoka kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, na Kampuni ikalipwa pauni 250,000. Katika hizo, pauni 200,000 zilitoka Zanzibar. Basi katika malipo aliyolipwa Sultani kila mwaka kwa ajili ya pwani hii, pauni 6,000 zilikuwa riba ya 3 kwa mia ya zile pauni 200,000. Wazee wetu walikuwa ndani ya hati ya mkopo ambayo hawakuulizwa habari zake.

Mwaka 1921 Serikali ya Koloni ilikopa London pauni milioni 5 kwa riba ya 6 kwa mia, kwa kazi za reli na bandari. Gati za maji marefu za Kilindini zilizofunguliwa katika miaka ile bado zimesimama. Twalitaja hili ili isionekane kwamba kila deni ni baya. Deni lililojenga gati laweza kulipwa na gati. Deni lililoliwa halina wa kulilipa ila mjukuu.

Katika siku zetu hesabu imekuwa kubwa. Mwisho wa Juni 2025 deni la Serikali ya Kenya lilikuwa limepita shilingi trilioni 11. Trilioni moja ni milioni mara milioni. Trilioni 11 zikigawanywa kwa watu milioni 50, kila nafsi, pamoja na mtoto aliyezaliwa leo, hupata shilingi 220,000. Zaidi ya nusu ya deni hilo limekopwa humu humu nchini kwa shilingi; lililobaki limekopwa nje, sehemu kubwa kwa dola.

Tofauti ya shilingi na dola ni jambo la kushikwa sana. Mwaka 2014 Kenya iliuza hatifungani katika masoko ya nje kwa mara ya kwanza. Sehemu ya miaka kumi ilifika dola bilioni 2, kwa riba ya 6.875 kwa mia, ilipwe Juni 2024. Dola moja ilipokuwa kama shilingi 87, deni hilo lilikuwa sawa na shilingi bilioni 174. Mwezi wa Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160, na deni lile lile likawa shilingi bilioni 320. Halikuongezeka hata dola moja. Ni shilingi yetu iliyopungua. Februari 2024 Serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa gharama iliyozidi 10 kwa mia, ili kulipa sehemu kubwa ya deni lile la 6.875. Wazee walisema, kukopa arusi, kulipa matanga.

Ndivyo Serikali nyingi zifanyavyo: hukopa jipya kulipa la zamani. Jambo hilo si aibu maadamu uchumi wakua upesi kuliko deni na riba mpya si kubwa kuliko ya zamani. Yakigeuka hayo, deni huanza kujilisha lenyewe.

Na Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 214, yasema deni la umma hulipwa kutoka katika Mfuko Mkuu wa nchi. Mkopeshaji hangojei. Kwa hiyo fedha ikipungua, kinachopunguzwa ni dawa, ni madarasa, ni mabomba ya maji. Ama kodi huongezwa. Twakumbuka sote mwezi wa Juni 2024, vijana walipojaa barabarani katika Nairobi na Mombasa na miji mingine kuupinga Mswada wa Fedha, baadhi yao wakapoteza maisha, na mswada ukaondolewa. Kwa juu ilionekana ni habari ya kodi. Chini yake ilikuwa habari ya deni.

Sisi watu wa Mombasa tulikuwa tumekwisha kuionja habari hiyo kabla ya hapo. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, ilijengwa kwa mikopo mikubwa kutoka China. Mwaka 2019 ikaamriwa kwamba makontena ya bara yapelekwe kwa reli. Malori yakasimama, wenye yadi na gereji na hoteli za madereva wakalia, na watu wetu wakaandamana. Mwaka 2022 huduma hizo za bandari zikarudishwa Mombasa. Reli ni kitu chema, na abiria wake wengi huisifu. Lakini deni likisainiwa bila ya mahesabu yake kuwekwa wazi, huja siku mtu wa Miritini au Changamwe akaona riziki yake imeingizwa katika malipo.

Shauri la mfuko wetu

Tumeeleza haya yote ili turudi kwenye shauri lililo mbele yetu. Je, tuikopeshe Serikali?

Kwa hati za Hazina za muda mfupi, hatari ya kutolipwa ni ndogo, kwa kuwa Serikali hulipa kwa shilingi na ina uwezo wa kutoza kodi. Lakini tusiseme haipo kabisa. Mwezi wa Desemba 2022 Serikali ya Ghana iliwataka waliokuwa na hatifungani zake za ndani wazibadilishe kwa nyingine za malipo duni na za muda mrefu. Hati za muda mfupi hazikuguswa. Hatari nyingine ni ya bei za vitu kupanda kuliko riba, tukapokea shilingi nyingi zenye kununua kidogo.

Kiasi cha chini cha kununua hati ni shilingi 50,000, na ununuzi hufanywa kwa mtambo wa Benki Kuu ulioanza mwaka 2023, uitwao DhowCSD, yaani umepewa jina la jahazi. Wazee wetu watacheka, lakini afadhali jahazi tulijue kabla ya kupakia.

Liko jambo la riba na dini. Hatuna ilimu wala mamlaka ya kulifasiri, na wenye ilimu wamo humu ndani. Twasema tu kwamba benki zisizotoza riba ziko Kenya tangu mwaka 2008 hivi, na mwaka 2023 ilitolewa sukuk ya kwanza ya nchi hii, kwa ajili ya nyumba. Mtu asiyetaka riba hana sababu ya kulazimishwa, wala ya kuachwa nyuma.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba mkutano ukubali mambo matatu. Fedha za mazishi zisiguswe, zikae karibu, kwa maana kifo hakitoi taarifa ya siku 91. Fedha za masomo ambazo hazitahitajiwa kabla ya Januari zinunue hati za siku 91 tu, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Na wanachama ambao dini yao yakataza riba, michango yao iandikwe katika daftari ya peke yake na kuwekwa katika benki isiyotoza riba; watoto wao wasipunguziwe haki yoyote katika misaada ya Chama.

Na jambo la mwisho, ambalo si azimio bali ni ombi letu. Tukiikopesha Serikali, sisi nasi tutakuwa upande wa mnunuzi mkubwa. Faida tutakayoipata italipwa kwa kodi, na kodi hiyo hutoka katika mafuta, sabuni na nauli za matatu tulipazo wenyewe. Tutapokea kwa mkono huu na kutoa kwa mkono huu. Basi mtu mwenye mikono yote miwili katika hesabu ana haki ya kuisoma hesabu. Mbunge wetu ajapo kutuomba kura, tumwulize maneno manne: mmekopa kiasi gani, kwa fedha ya nchi gani, kwa kazi gani, na italipwa lini? Akijua, tumpe heko. Asipojua, tumwambie akaulize, nasi tutamngoja hapa hapa.

Daftari za Chama ziko mezani, wazi, kwa kila mwanachama apendaye kuzitazama kabla ya kura kupigwa.